Tobi Alikuwa Obito Tangu Mwanzo, na Mashabiki Walijua

Onyo kwanza. Kama hujamaliza Naruto Shippuden, funga hii polepole, nenda ukaangalie, urudi baada ya miezi kadhaa. Hapa namwaga mtama wote na kuku ni wengi.

Haya. Tumebaki sisi.

Kuna ubishi umenifuata tangu kidato cha pili, na wiki iliyopita ulinifuata hadi kwa kinyozi. Jamaa mmoja alikuwa amekaa pale anangoja zamu yake, akatusikia tukiongea Naruto, akadakia. Ati mambo ya Obito, Kishimoto alibahatisha tu. Ati hakuwa na mpango wowote, aliona mashabiki wamebuni nadharia nzuri akaichukua akaifanya yake. Nilitaka kumjibu lakini mashine ilikuwa sikioni na kinyozi ameshanionya mara mbili nisigeuze kichwa. Kwa hivyo naandika. Siku nyingine mtu akileta hiyo hadithi nitamtumia linki tu.

Ninachosema ni hiki. Nadharia ya kwamba Tobi ni Obito ilikuwa sahihi karibu tangu siku ya kwanza Tobi alipoonekana. Na haikuuliwa na wajinga. Iliuliwa na watu werevu, wenye hoja safi, waliosoma kila ukurasa mara kumi. Hiyo ndiyo sehemu huwa inanisumbua. Walikuwa na jibu mkononi, wakalitupa kwa sababu lilikuwa rahisi mno.

Tuanze na kalenda, kwa sababu wengi wa rika langu tulikutana na Naruto ikiwa imeshaiva. Mimi ni wa 2003. Manga ya Naruto ilianza kutoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kule Japani Septemba 1999, kwa hivyo imenizidi umri, inafaa niiamkie. Ilitoka sura moja kwa wiki, halafu unangoja wiki ijayo, hadi Novemba 2014 ilipofika sura ya 700 ikaisha. Anime ikaanza 2002, Shippuden ikafuata Februari 2007 na kumalizika Machi 2017.

Sisi tuliipata kwa flashi. Kulikuwa na duka la muvi karibu na kwetu Umoja, unampa msee flashi yako na pesa kidogo, anakuwekea episodi hamsini, unaenda kuzimaliza wikendi moja mama akiuliza kama macho hayaumi. Hiyo ni tofauti kubwa kuliko inavyoonekana. Kwangu mimi swali la nani yuko nyuma ya kile kinyago cha rangi ya chungwa lilidumu kama wiki mbili za likizo. Kwa watu walioisoma ikitoka, lilidumu miaka saba. Na nadharia hupikwa kwenye ile nafasi ya kungoja. Wiki nzima huna kitu kipya cha kusoma, basi unarudia zile kurasa za jana, na ukirudia sana unaanza kuona vitu. Vingine viko. Vingine umeviweka wewe.

2004, Kishimoto alifanya kitu cha ajabu. Naruto mdogo ameisha, Sasuke ameondoka kijijini, kila mtu anataka kujua kitakachofuata. Yeye akasimamisha kila kitu na kurudi nyuma miaka mingi kutuonyesha utoto wa Kakashi. Sura sita tu, 239 hadi 244. Ndani yake kuna mvulana anaitwa Uchiha Obito. Anachelewa kila mahali. Anasaidia mabibi kubeba mizigo njiani, halafu akifika kazini anaonekana mwongo. Anavaa miwani mikubwa ya kuzuia vumbi, analia haraka, anataka kuwa Hokage, anampenda Rin, na Rin anamwangalia Kakashi. Yaani ni Naruto kabla ya Naruto.

Wanatumwa vitani kuharibu daraja la Kannabi. Rin anatekwa. Kakashi, ambaye wakati huo ni mtu wa sheria kama mwalimu wa zamu, anasema kazi kwanza. Obito anamwambia kwamba anayevunja sheria ni takataka, sawa, lakini anayewaacha wenzake ni mbaya kuliko takataka, halafu anaenda peke yake. Kakashi anamfuata baadaye na kupoteza jicho la kushoto. Wanamwokoa Rin, pango linaporomoka, Kakashi anaanguka, Obito anamsukuma pembeni na mwamba unamwangukia yeye upande wa kulia. Akiwa pale chini, nusu ya mwili imepondwa, anampa Kakashi jicho lake la kushoto. Zawadi ya kupandishwa cheo, anasema, kwa sababu wenzake walikuwa wameshampa na yeye alikuwa amesahau. Rin anafanya upasuaji palepale kwenye vumbi. Maadui wengine wanakuja. Wanalazimika kuondoka. Mawe yanashuka.

Soma hiyo tena pole pole. Wanaondoka akiwa bado anapumua. Hatuonyeshwi maiti. Jina lake linaandikwa kwenye jiwe la kumbukumbu la kijiji, na ndipo unaelewa mbona Kakashi mtu mzima huwa anachelewa kila siku na visababu vya uongo. Anakuwa amesimama pale kwenye jiwe. Amechukua tabia ya Obito na kuivaa kama koti la marehemu.

Mwaka uliofuata, 2005, sura ya 280, Tobi anatokea. Anaonekana yuko na Zetsu, wamekuja kuokota pete ya Sasori baada ya Sasori kufa, na yeye anafurahi kama mtoto kwa sababu labda sasa ataingia Akatsuki. Ana kinyago chenye mistari ya kuzunguka. Kinyago kina shimo moja. La jicho la kulia.

Hapo ndipo jibu langu kwa yule jamaa wa kinyozi lilipo. Obito alibaki na jicho la kulia. Tobi anaona kwa jicho la kulia. Hii haikuongezwa 2012 ili kufurahisha mashabiki. Ilichorwa siku ya kwanza, mwaka mmoja tu baada ya mwamba. Halafu jina. Kwa herufi za Kijapani, Obito huandikwa kwa silabi tatu: o, bi, to. Toa ile ya kwanza. Zimebaki bi na to. Zigeuze. To, bi. Ni mchezo ambao mtoto wa darasa la nne anaweza kuucheza na jina la mwenzake. Ongeza tabia: Tobi ni mcheshi, msumbufu, anamkasirisha Deidara kila dakika, kama vile yule mvulana wa miwani alivyokuwa akimkasirisha Kakashi. Naomba uniambie msanii anayebahatisha hupataje jicho, jina na tabia kwa mkupuo mmoja.

Kuna watu waliona. Mapema kabisa, kabla Tobi hajafanya chochote cha maana kwenye hadithi, nadharia ilikuwa tayari inazunguka. Kama historia ingeishia hapo ningekuwa nimeandika aya tatu na kwenda kulala.

2007 mambo yakageuka. Deidara anajilipua akipigana na Sasuke, na Tobi anaacha mchezo. Sauti nyingine, mkao mwingine. Kumbe ndiye anayempa Pain amri. Na jina analotumia sasa ni Madara, Uchiha Madara, mtu wa enzi za kuanzishwa kwa Konoha, jina ambalo Kurama mwenyewe, yule mbweha wa mikia tisa, alikuwa amelitaja kwa chuki. Wale wa nadharia ya Obito walichekwa sana. Mtu mwenyewe amejitambulisha, nyinyi mnatafuta nini tena?

2008 ikawa mbaya zaidi kwao. Itachi amekufa, na huyu anayejiita Madara anamketisha Sasuke kwenye pango na kumweleza ukweli kuhusu kaka yake: kwamba Itachi aliua ukoo wake kwa amri ya wakubwa wa kijiji ili kuzuia mapinduzi, na kwamba alimwacha Sasuke hai kwa sababu alimpenda. Angalia ujanja wa hiyo. Mambo makubwa ya Itachi yalikuwa kweli. Mtu akikuambia ukweli mzito namna hiyo, huwezi kurudi nyuma na kuuliza kama jina lake pia ni la kweli. Mwongo mzuri huwa mkweli kwa kila kitu isipokuwa kitu kimoja.

Waliobaki na wasiwasi wakatafuta majina mengine. Izuna, mdogo wake Madara, ambaye macho yake yalichukuliwa. Shisui, rafiki wa Itachi. Wengine wakasema ni Kakashi mwenyewe kutoka wakati mwingine, na hao nawaheshimu kwa ujasiri. Ukiangalia, kila jina jipya lilikuwa kubwa au la ajabu kuliko Obito. Hakuna aliyekuwa anatafuta mtu mdogo.

Halafu ikaja hesabu. 2010, sura za 501 hadi 503, tunaona usiku aliozaliwa Naruto. Mtu wa kinyago anaingia Konoha, anamteka Kushina, anamtoa Kurama, anapigana na Minato, Hokage wa Nne, mtu mwenye kasi kuliko wote. Sasa toa hesabu: Kakashi anamzidi Naruto kwa miaka 14. Obito ni rika la Kakashi. Kwa hivyo ukisema yule ni Obito, unasema mvulana wa miaka 14, aliyepondwa nusu ya mwili muda mfupi uliopita, alimkabili Hokage na kuangamiza nusu ya kijiji, tena akiwa na urefu wa mtu mzima.

Nitakubali, hiyo hoja ni nzuri. Ningekuwa mkubwa wakati huo ningeipigia makofi. Ni hoja ya mtu aliyesoma. Ina tarehe, ina umri, ina kimo. Na upande wa pili una nini? Shimo moja kwenye kinyago na mchezo wa kugeuza jina. Wengi waliokuwa wakiamini nadharia ya Obito waliiacha hapo, tena wakawa wakali kuliko wengine, kama mtu aliyeacha pombe.

2011 jeneza likafunguka. Katikati ya Vita vya Nne, Kabuto anamfufua mtu, na mtu huyo ni Madara. Madara halisi, na nywele zake, na dharau zake. Basi huyu mwingine ni nani? Uongo wa miaka minne umeanguka kwa ukurasa mmoja. Ungedhani sasa watu wangerudi kwa Obito wakiomba msamaha. Wengine walirudi. Lakini wengi walikuwa wameshaweka jina lao kwenye kupinga, na ukishaweka jina lako mahali, kurudi ni kazi.

Mwishowe Kakashi ndiye aliyegundua, na aligundua kwa kupigana. Tobi alikuwa na uwezo wa kufanya mwili upite kwenye vitu kama hewa. Kakashi ana Kamui, uwezo wa jicho lake la kushoto wa kumeza kitu na kukipeleka mahali pengine. Vitani akaona kwamba kisu alichokimeza yeye kilitokea upande wa Tobi. Mahali pa Tobi na mahali pa Kakashi ni pamoja. Macho mawili, mlango mmoja. Halafu Naruto akavunja kinyago. Sura ya 599, Agosti 2012, na kichwa cha sura ni jina tu: Uchiha Obito.

Kuna kitu kingine kuhusu vinyago ambacho watu hupita. Kwenye vita vile, Tobi alikuwa ameshabadilisha kinyago, na kipya kilikuwa na macho mawili, kwa sababu alikuwa amechukua jicho la Nagato na kuliweka upande wa kushoto. Yaani mashimo yaliongezeka siku macho yalipoongezeka. Lile shimo moja la 2005 halikuwa pambo. Huyu mtu kweli hakuwa na jicho lake mwenyewe upande ule, na sisi sote tulijua jicho liko wapi. Liko usoni mwa Kakashi tangu sura za kwanza kabisa, limefunikwa na kitambaa.

Na maelezo ya umri? Madara mzee alimwokota, akamjazia nusu ya mwili kwa ile nyama nyeupe ya Zetsu iliyokuzwa kutokana na seli za Hashirama. Inaeleza nguvu, inaeleza kupona, kimo inaeleza kwa taabu. Sitakudanganya, hapo sikuridhika kabisa na sijaridhika hadi leo. Waliopinga kwa hesabu walikuwa wamegusa ufa wa kweli kwenye ukuta. Kosa lao ni kudhani kwamba ukuta wenye ufa haupo.

Sasa kitu kilichofuata ndicho kimenifanya niandike haya yote. Watu walichukia. Si wote, lakini wengi, na hadi leo ukitaja Obito kwenye kundi la mashabiki utasikia: ah, yule. Wale waliokuwa sahihi walisema kila mtu alijua, hakuna mshangao. Wale waliokosea walisema ni uandishi mbaya, haingii akilini. Pande mbili zilizokuwa zikipigana miaka saba zikakubaliana kwenye kitu kimoja, kwamba walitaka mtu mwingine awe nyuma ya kinyago. Mtu mkubwa. Walingoja miaka yote hiyo, kinyago kikavunjika, na ndani yake kulikuwa na yule mvulana aliyechelewa.

Mimi hilo naliona kwa jicho langu, na nitaeleza mbona, halafu nirudi kwa Obito.

Niliacha chuo mwaka wa pili, 2023. Kuna nadharia kama nne kuhusu mimi ambazo nimezisikia kwa masikio yangu. Ya kwanza, nilipata mtoto na msichana fulani na nikatoroka. Ya pili, nilikula karo kwa kamari. Ya tatu, nilishikwa na mwakenya kwenye mtihani nikafukuzwa kimya kimya. Ya nne ndiyo naipenda, ati niko na pesa ya mtandao na sikuhitaji digrii, na huyo anayesema hivyo naomba anitumie namba ya akaunti nikaitoe. Ukweli ni huu: mama anauza nguo za mtumba, mwaka ule biashara ilianguka, na dada yangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Pesa ilitosha mtu mmoja. Ndio hiyo tu. Na nikimwambia mtu hivyo, namwona akiangalia nyuma ya bega langu kama kuna hadithi nyingine imesimama pale.

Nadharia zao zina hoja, kumbuka. Yule wa kamari alinihesabia kabisa: ulilipa muhula huu, hukulipa ule, pesa ilienda wapi? Hesabu yake ni safi. Lakini kati ya makomredi wote waliokuwa na hesabu, nikitoka kwenye lile kundi la WhatsApp la darasa, aliyenipigia simu kuniuliza ni mmoja. Wengine nadhani walishaandika jina langu kwenye jiwe. Sijilinganishi na Obito, yeye alikuwa na mwamba na mimi nilikuwa na baki ya karo. Lakini najua hisia ya kuonekana hutoshi kuwa jibu.

Turudi. Malalamiko ya kawaida zaidi ni kwamba Obito alianzisha vita vya dunia nzima kwa sababu ya msichana. Mmeona zile picha za kuchekesha, hata mimi nimezisambaza. Lakini angalia kilichotokea hasa. Obito anapona pangoni, anasikia Kakashi na Rin wako hatarini, anatoka kwenda kuwasaidia akiwa ndani ya mwili wa Zetsu kama amevaa gunia. Anafika anakuta mkono wa Kakashi umepita kifuani mwa Rin. Mtu aliyempa jicho lake ili amlinde Rin ndiye aliyemuua, na jicho hilo lilikuwa linaona. Hajui kwamba Rin alikuwa amewekewa mnyama wa mikia mitatu ndani yake na kwamba yeye mwenyewe aliruka mbele ya mkono ule ili asiangamize kijiji. Miaka baadaye ndipo Madara anakiri kwamba aliupanga mchezo wote ili kumvunja kijana. Kwa hivyo siyo "alikataliwa akakasirika". Alikuwa ametoa kila kitu kwa imani moja, ile ya kutowaacha wenzako, na imani hiyo ikarudi kwake ikiwa hivyo.

Na yeye pia alikuwa na nadharia kuhusu siri ya mtu. Aliona Kakashi, aliona damu, akaunganisha. Hakuuliza. Akajenga dunia ya ndoto juu ya kile alichoona kwa dakika moja, na mashabiki wanaomcheka kwa hilo ni walewale waliokuwa tayari kuapa ni Izuna.

Kitu kinachoniumiza kuliko vyote ni Minato. Minato alikuwa mwalimu wa Obito. Usiku ule wa Kurama, kwenye pambano ambalo mashabiki walilihesabia umri, Minato alimpiga mtu wa kinyago kwa Rasengan na kumwachia alama yake mwilini, ile ya kumwezesha kumfikia popote. Alijiuliza kama ni Madara. Hata yeye. Mtu mwerevu kuliko wote kijijini, ana mwanafunzi wake mbele yake, na anafikiria jina kubwa. Usiku huo huo akafa. Kwenye Vita vya Nne anafufuliwa, anamwona adui, na ile alama bado iko, haijafutika kwa miaka yote ile, anaitumia kumfikia na kumkata. Ndipo anajua amemkata nani. Soma uso wake pale. Sitaeleza zaidi, nitaharibu.

Huwa naambiwa siku hizi mashabiki wamejifunza. Wanatoa mfano wa Dabi kwenye My Hero Academia: moto, ngozi iliyoungua, na familia ya Todoroki ina mtoto anayesemekana alikufa. Karibu kila mtu alisema ni Touya, na mwishoni mwa 2020 manga ikasema ndiyo, ni Touya. Hakukuwa na vita kubwa, watu walikuwa wanauliza lini tu. Labda ni kweli tumejifunza. Au labda Horikoshi hakutupa hesabu ya kuchezea.

Yule jamaa wa kinyozi, kama unasoma: jicho la kulia, 2005. Nimemaliza na wewe.

Dada yangu sasa yuko kidato cha tatu na likizo hii amechukua laptopu yangu ya kazi, ile niliyonunua kwa ajili ya chuo, anaangalia Shippuden. Amepita episodi ya 119 na 120, zile za Kakashi mdogo, alilia na akakana kwamba amelia. Juzi amefika pale pangoni, Tobi na Sasuke, mshumaa unawaka. Akasimamisha video. Nikamuuliza huyo ni nani. Akaniangalia kama mjinga, akasema ni Madara, si amejisema mwenyewe?

Nikanyamaza, nikaendelea kukata vitunguu. Akaendelea kuangalia. Baada ya dakika kama mbili video ikasimama tena.

"Lakini mbona kinyago chake kiko na shimo moja?"

Nikamwambia aendelee kuangalia.